Paa la kanisa la Mkunazini Zanzibar limesimamaje bila boriti hata moja?

Fundi wa Moro

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi ujenzi, makazi yangu Morogoro. Juzi nilikuwa Unguja kwenye harusi ya ndugu yangu, siku ya kurudi tukapitia Mkunazini kwenye lile kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Wenzangu wote wamemzunguka mwongozaji wanasikiliza, na kweli habari zile zinaumiza sana, ila mimi nikajikuta nimebaki katikati ya kanisa nimeinua kichwa naangalia paa mpaka shingo ikauma.

Maana nyumba karibu zote za Mji Mkongwe tulizoingia vyumba vyake ni vyembamba, virefu, na ukiangalia juu unaona boriti zimepangwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo hata bila kuambiwa unajua upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti. Sasa ingia kwenye hilo kanisa. Ni pana, linakwenda juu, na paa lake ni upinde mmoja tu toka ukuta huu mpaka ukuta ule. Hakuna boriti, hakuna bimu, hakuna kenchi. Nikauliza limejengwa lini nikaambiwa miaka ya 1870. Wakuu, 1870 na kitu! Zege la nondo kwa huku kwetu lilikuwa bado kabisa.

Nina maswali naomba mnisaidie. Hivi lile paa walilijengaje na nini kinazuia kuta zisisukumwe nje zikalala? Halafu kuna nguzo kule nyuma upande wa mlangoni, mwongozaji anasema mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati askofu yuko safarini, ni kweli hiyo? Na vile vyumba vya chini vyenye minyororo vinavyoonyeshwa kule jengo la pembeni, ni vya wakati uleule wa soko? Nauliza kwa nia njema kabisa, nataka kuelewa, hili jengo limeniingia moyoni.

Mtoto wa Vikokotoni

Karibu Unguja fundi, siku nyengine ukija usikimbilie boti. Mie nimekulia hapo hapo mjini, mnara wa kanisa hilo tunauona toka wadogo, na ijapokuwa mie ni Muislamu historia yake naihesabu ni yangu vilevile kwa sababu waliouzwa pale na waliowauza na waliokuja kujenga wote ni sehemu ya mji huu, huwezi kuchukua kimoja ukaacha chengine.

Niseme ninayoyajua. Soko la watumwa halikuwa Mkunazini siku zote, kabla ya hapo watu wazima wa mjini wanasema lilikuwa upande wa Shangani, pale Kelele. Likahamia Mkunazini ambako wakati huo ni pembezoni mwa mji karibu na ule mkono wa bahari wa Darajani ambao siku hizi umefukiwa wote. Mwaka 1873 Uingereza ikamleta Sir Bartle Frere kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, Barghash akakataa, na ukimsoma utaona alikuwa na sababu zake, mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, hazina iko tupu. Frere akaondoka mikono mitupu. Akabaki balozi wao John Kirk, akatishia kuizingira Unguja kwa manowari, ndipo tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko likafungwa.

Hapo hapo wakaingia wamisionari wa UMCA. Hawa ni misheni iliyotokana na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya Livingstone kwenda kuhutubia Cambridge mwaka 1857, na walikuwa wapo Zanzibar tangu 1864. Mmoja wao, padri West, akanunua kipande cha uwanja wa soko, na kipande cha pembeni kikatolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam, yule wa ile nyumba kubwa ya biashara iliyokuwa ikisimamia forodha za Sultani. Hebu fikiria hilo vizuri, mkusanya ushuru wa Sultani anatoa kiwanja kwa kanisa. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule 1873, yaani miezi sita na kidogo toka watu walipouzwa pale kwa mara ya mwisho. Krismasi ya 1877 wakasali humo ndani hata paa halijaisha, na paa likamalizika 1879.

Na saa ile ya mnara ni zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Wazee wanasimulia alitoa kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani. Sharti lenyewe sijaliona kwenye karatasi lakini ndivyo linavyosimuliwa mjini na hakuna mtu wa Unguja asiyelijua.

Suala la paa nawaachia mafundi wenzio.

Zege na Chokaa

Fundi umeuliza swali ambalo watu wengi wanaotembelea pale hawaliulizi kabisa na ndilo lililonifanya nilipende hilo jengo. Mimi ni mhandisi, kazi zangu nyingi ni majengo ya zamani ya pwani, acha nijaribu kueleza bila kuweka mahesabu.

Kwanza aliyelibeba wazo ni askofu Edward Steere. Ramani ilichorwa na msanifu wa Uingereza aitwaye Hayward lakini Steere aliibadilisha mwenyewe pale saiti na kazi aliisimamia yeye, na huyu hakuwa mhandisi, alisomea sheria kabla hajawa padri, na muda wake mwingine wote alikuwa anaandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Alipofika kwenye paa akawa na tatizo ulilolisema wewe hapo juu. Boriti za mikoko, hizi zinazotoka Rufiji na Lamu, zinakupa chumba cha mita mbili na nusu mpaka tatu na nusu hivi, basi. Ukitaka upana wa kanisa inabidi ulete mbao ndefu za nje, ghali, na mchwa wa Unguja nao wanazisubiri. Kwa hiyo akaamua kutokutumia mbao kabisa.

Alichofanya ni kutengeneza zege kwa kokoto za matumbawe, yaani mawe yale yale ya Unguja yamepondwa pondwa, yakachanganywa na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli. Hapo uangalie na wakati wenyewe, mfereji wa Suez umefunguliwa 1869, na mwaka 1872 ikaanza meli ya barua ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Njia ya kuleta vitu kutoka Ulaya ilikuwa imefupika ghafla.

Sasa namna linavyosimama. Chukua bomba la maji, likate katikati kwa urefu, chukua nusu moja uifunike juu ya kuta mbili. Ndiyo paa lile. Chini yake inajengwa kwanza fomu ya mbao yenye umbo la upinde ikashikiliwa na mirunda, zege linapangwa juu ya ile fomu, linasubiriwa likomae, halafu fomu inatolewa. Zege halipendi kuvutwa lakini kukandamizwa linapenda sana, na kwenye upinde karibu uzito wote unakuwa wa kukandamiza, kila kipande kinamwegemea mwenzake mpaka ukutani. Ndiyo maana halikuhitaji nondo.

Kuhusu kuta kusukumwa nje swali lako ni sahihi kabisa, upinde wowote unasukuma kwa pembeni. Majibu yapo matatu na yote ukirudi utayaona kwa macho. Kuta ni nene, simama kwenye dirisha uangalie kina chake. Umbo la nusu duara linasukuma kidogo kuliko upinde uliolala. Na kokoto za matumbawe ni nyepesi kuliko mawe ya kwenu Uluguru, zina vitundu vitundu, kwa hiyo uzito wote wa paa ni mdogo kuliko unavyodhania. Warumi walifanya vivyo hivyo kwenye Pantheon kule Roma, kule juu kabisa ya kuba wakatumia mawe mepesi ya volkano, na lile lina kipenyo cha zaidi ya mita 43 na halina nondo hata moja mpaka leo.

Inasimuliwa watu wa mjini walikuwa wanasubiri siku mirunda itakapotolewa waone paa linavyokuja chini. Halikuja.

Lakini kitu ninachotaka kusema kwa nguvu ni hiki, watu wanaongelea lile paa kana kwamba Mzungu alileta jambo ambalo pwani haijawahi kuliona. Nendeni Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ile sehemu ya kusini, una makuba na mapaa ya upinde ya matumbawe na chokaa, kazi ya karne ya 14 na 15, yaani miaka mia tatu na zaidi kabla ya Steere kuzaliwa. Hata hapo Unguja kwenyewe, hamamu za Kidichi alizojenga Seyyid Said mwaka 1850 zina makuba. Mafundi wa pwani walikuwa wanajua kufunika chumba kwa mawe na chokaa bila ubao. Kilichokuwa kipya Mkunazini ni upana ule na saruji ile. Zile kokoto na ile mikono iliyojua matumbawe ni vya hapa hapa.

Fundi wa Moro

Mkuu Zege na Chokaa Mungu akubariki sana, nimesoma mara mbili. Kumbe ndiyo maana nilivyogonga ukuta kwa kidole ulikuwa unatoa sauti tofauti na mawe yetu. Ile ya Kilwa sikuwa naijua kabisa, skuli tulifundishwa Kilwa ni dhahabu na biashara tu, hakuna aliyetuambia kuhusu makuba.

Bado nasubiria ya nguzo na vile vyumba vya chini. Na kitu kingine, waliobeba mawe yale ni akina nani? Maana askofu alisimamia sawa, ila zege kulifikisha kule juu kuna watu walilibeba.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha historia sekondari, wanafunzi wangu nawapeleka Mkunazini kila inapowezekana, kwa hiyo haya mambo mawili nimeyafuatilia kwa muda.

Nguzo. Zipo kweli, upande wa magharibi, na simulizi ni hiyo hiyo uliyoisikia, kwamba Steere alikuwa hayupo, mafundi wakazisimamisha kichwa chini, aliporudi akaona aziache kama zilivyo. Kila mwongozaji anaisimulia na waandishi wengi wa vitabu vya safari wameiandika. Ukizikagua umbo lake utaona jinsi simulizi ilivyopata mahali pa kushika. Ila mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu wasiishie kucheka. Unamcheka nani? Hawa ni mafundi waliokuwa wanajenga nyumba za mji mzima wa mawe, milango yake na mihrabu zake zinapigwa picha na dunia nzima, halafu wanapewa nguzo za mtindo ambao hawajawahi kuufanyia kazi, anayejua hayupo, na mchoro ni wa mtu aliyeko Uingereza. Mimi nikiiangalia ile nguzo naona watu wa mila mbili za ujenzi wanakutana kwenye saiti moja, na kanisa zima liko hivyo, madirisha yamechongoka kwa mtindo wa Kigothi, pembeni kuna mapambo ambayo ungeyakuta kwenye nyumba ya Mwarabu wa Shangani.

Waliobeba mawe ni mafundi wa mjini pamoja na watu waliokombolewa waliokuwa wanaishi chini ya misheni. Manowari za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi yenye watumwa baharini na baadhi ya waliokutwa humo walikabidhiwa kwa misheni, wanaume na vijana wengi wakawekwa kwenye vituo vya misheni vya Kiungani na Mbweni. Kwa hiyo ndiyo, miongoni mwa walioinua kuta zile kuna watu ambao wangeweza kuuzwa kwenye uwanja ule ule kama jahazi lingefika salama. Mimi hilo ndilo linalonishika kuliko yote na nashangaa linavyotajwa kwa haraka.

Sasa vyumba vya chini. Hapa naomba tuwe wakweli kwa sababu jambo lenyewe ni zito mno halihitaji kuongezewa chumvi. Jengo lile la pembeni, Mtakatifu Monika, lilijengwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 kama hospitali, yaani miaka mingi baada ya soko kufungwa. Wanahistoria kadhaa wanasema vyumba vile vya chini vilikuwa sehemu ya ile hospitali, stoo zake, na ushahidi wa kwamba watumwa walifungiwa humo ni mdogo. Wengine wanashikilia kwamba walifungiwa. Mimi nikiwa na wanafunzi nawaambia yote mawili waziwazi, kisha nawaambia wainame waingie, wakae dakika chache kwenye giza lile, wajue kwamba watu walifungiwa kwenye vyumba vya namna ile sehemu nyingi za pwani hii, hilo halina ubishi hata kidogo.

Kitu ambacho hakina mjadala ni ule mnara wa kumbukumbu uani, masanamu matano ya watu ndani ya shimo wamefungwa minyororo shingoni. Aliyechonga ni msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwishoni mwa miaka ya 1990. Minyororo ile ni ya kweli, ya enzi za utumwa. Wanafunzi wangu wenye makelele kuliko wote wakifika pale wananyamaza wenyewe.

Mama Tulia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine assalam aleikum. Mimi ni muumini wa Anglikana, nilikuwa naishi Unguja kwa sababu ya kazi ya mume wangu, tumesali pale Mkunazini miaka kadhaa. Naona mmeongea sana kuhusu zege nami nimejifunza, ila hamjafika madhabahuni.

Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe limezungukwa na nyekundu. Pale panaelezwa ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa viboko, walichapwa mbele ya wanunuzi ili ionekane nani ana nguvu, asiyelia bei yake inapanda. Rangi nyekundu ni kwa ajili ya damu yao. Padri akikaribisha watu kwenye Meza ya Bwana yuko hapo hapo. Siku ya kwanza niliyoelezwa sikuweza kumaliza wimbo, nilikaa chini.

Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu, alifariki 1882, miaka mitatu tu baada ya paa kuisha. Upande mmoja kuna msalaba mdogo wa mbao, si mzuri wa kuchongwa sana, ila mbao yake imetoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia ya sasa, ule ambao chini yake Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliuzika moyo wake. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, ukihesabu ni wiki tano tu kabla Barghash hajatia saini, hakuwahi kujua. Na ule mwili wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, watu wa kawaida kabisa, walifika Februari 1874. Madirisha ya vioo vya rangi nayo kuna la Livingstone na kuna la kuwakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Jua la asubuhi likiingia kwa juu rangi zinashuka ukutani, kuta ni nyeupe ya chokaa kwa hiyo unaziona vizuri.

Na mimi nataka majina ya Waafrika nayo yatajwe kwa sababu Livingstone na Steere wanatajwa kila siku. John Swedi alikuwa mmoja wa vijana watano ambao Sultani aliwatoa kwa askofu Tozer mwaka 1864, watoto wa utumwa. Mwaka 1879 akapewa ushemasi. Halafu Cecil Majaliwa, Myao, naye alikombolewa akiwa mtoto, akasoma Kiungani, mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuwa padri, na akaenda kufanya kazi kusini huko Chitangali kwa Wayao wenzake. Miaka 17 tu baada ya soko kufungwa, mtoto ambaye angeweza kuuzwa pale anavunja mkate yeye mwenyewe. Ndugu fundi, ukirudi usiangalie paa peke yake, angalia na waliolipata wakasali chini yake.

Mtoto wa Vikokotoni

Mama Tulia ahsante sana, hilo la Swedi nilikuwa silijui mie, na mjini hapa nimezaliwa. Kwa wageni nataka kuongeza jambo dogo, watu wanachanganya sana makanisa mawili ya mjini. Hili la Mkunazini ni la Anglikana, lina mnara mmoja. Lile la Shangani lenye minara miwili, sisi tunaliita hivyo hivyo Minara Miwili, ni la Wakatoliki, wamejenga Wafaransa kati ya 1893 na 1898. Ukiwa unaingia na boti kutoka Dar lile la minara miwili ndilo unaloliona mwanzo na watu wengi wanapiga picha wakidhani ndilo la soko la watumwa.

Pwani ya Kengeleni

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma yote na nimefurahi mno. Huyo Frere mliyemtaja ndiye aliyeachia jina lake Frere Town hapa kwetu, kijiji ambacho CMS, misheni nyengine ya Anglikana, walianzisha miaka hiyo hiyo ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ingali ipo, ndiyo maana sehemu hii yaitwa Kengeleni mpaka leo. Ile kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu wakae tayari majahazi ya watumwa yakionekana.

Na kwa wapenda majengo, siku mkija Mombasa angalieni kanisa kuu la Anglikana la hapa, la mwaka 1905, limejengwa kwa ukumbusho wa askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885. Aliyelichora ni J. H. Sinclair, huyo huyo aliyechora majengo mengi ya serikali Unguja. Lina kuba, na mtu aliyesimama mbali aweza kudhani ni msikiti. Sinclair alikuja robo karne baada ya Steere kumaliza Mkunazini na akaifuata ile njia ya kuuvalisha ujenzi wa Kikristo nguo ya pwani, ila mwenzake aliichukua kwa shida za saiti na yeye aliichukua kwa kupenda. Kwa maoni yangu la Mkunazini ni zito zaidi, hili letu ni zuri zaidi.

Fundi wa Moro

Nimesoma kila mmoja, ahsanteni kwa moyo wote. Swali la mwisho kabla sijawaachia. Nilipokuwa pale niliona sehemu za ukuta kwa nje rangi imevimba na kumenyeka, na kwenye nyumba nyingi za mjini ni hivyo hivyo hata zilizopigwa lipu mpya ya simenti. Kama lile zege la juu lina saruji na limedumu, kwa nini lipu ya saruji ukutani haidumu?

Zege na Chokaa

Hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapoharibu kazi kwa nia nzuri, kwa hiyo naomba usome kwa makini na uwaambie wenzako.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya maji kutoka chini ya ardhi na kutoka kwenye mvua, hewa ya bahari ina chumvi, halafu jua likitoka unyevu unatoka kupitia lipu ya chokaa. Ule mzunguko ndio uhai wake. Ukija ukaufunika kwa lipu ya saruji ngumu maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inavimba, inasukuma. Baada ya muda lipu inabanduka na inaondoka na ngozi ya ukuta, na ndani chokaa inayoshika mawe inakuwa imeshageuka unga. Mwenye nyumba anaona ukuta mbovu anaongeza saruji. Ndivyo nyumba za Mji Mkongwe zinavyokufa, na mji wote ule umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Paa la Steere ni jambo jingine, kule saruji imechanganyika na matumbawe kwenye zege lenyewe toka siku ya kwanza, ni kitu kimoja kuanzia ndani mpaka nje. Adui wa kule ni nyufa na maji ya mvua kutuama. Maji yakipata njia yanashuka mpaka ndani ya kuta na ukuta ukishalegea, ule msukumo wa pembeni uliouulizia unaanza kupata nafasi. Kwa hiyo kwenye jengo la namna ile kazi ya kwanza kabla hujagusa kitu kingine ni mifereji ya maji ya paa, halafu nyufa, rangi inakuja mwisho kabisa.

Mwaka 2014 kanisa na eneo la soko liliingizwa kwenye orodha ya World Monuments Watch ya sehemu zilizo hatarini, ukafanyika ukarabati mkubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kituo cha kumbukumbu kikafunguliwa 2016. Kazi ilikuwa ya maana sana. Ila jengo la pwani halikarabatiwi mara moja likaisha. Beit al-Ajaib wote tuliona, sehemu yake ilianguka mchana wa Krismasi 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, na lile lilikuwa jengo linaloangaliwa na nchi nzima.

Kama kweli unataka kujifunza, tafuta mafundi wa chokaa wa Unguja, bado wapo, wanajua kuloweka chokaa miezi kabla ya kuitumia na wanajua kuipiga lipu tabaka nyembamba nyembamba, kila moja unaisubiri ishike kabla ya kuongeza nyingine. Usiende na haraka ya saiti za Dar. Na ukipata kazi yoyote kwenye nyumba ya matumbawe, kabla ya kufungua mfuko wa simenti chimba kipande kidogo cha lipu ya zamani uangalie ndani kuna nini, ukikuta chokaa, rudisha chokaa.

Fundi wa Moro

Nimekuelewa mkuu. Mtoto wa Vikokotoni, kama unamjua fundi wa chokaa hapo mjini anayekubali kukaa na mwanafunzi, nitumie ujumbe pembeni. Mwezi ujao nina nafasi.